Likizo ya bahari Norfolk: ipangwe na maji, si na saa ya ukutani

Wells-next-the-Sea ni mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na ufuo wake una king'ora. Hakilii kwa ajili ya moto. Kinalia maji yanapoanza kujaa, kuwaonya walio kwenye mafungu ya mchanga warudi upesi, maana kule bahari haikujii kwa mbele. Mkondo ulio nyuma yako ndio hujaa kwanza, wewe ukiwa bado unatazama mawimbi ya mbali.

Mara ya kwanza kukisikia nilikuwa fungu la mbali kabisa, mwanangu akijenga ngome ya mchanga. Nikapuuza. Mtu nimezaliwa Tanga, king'ora cha Waingereza kitanifundisha nini kuhusu bahari? Dakika ishirini baadaye nilikuwa katikati ya mkondo, mtoto mabegani, viatu mkononi, suruali imelowa hadi kiunoni, na maji yananivuta miguu kama mtu aliyeshika upindo wa kanzu. Ng'ambo alisimama bibi mmoja na mbwa wake. Alitungoja mpaka tukatoka, akasema maji leo yana baridi kidogo, akaenda zake.

Tangu siku hiyo tumerudi karibu kila mwaka, na kila mwaka ndugu na jamaa wananiuliza wafanyeje. Haya ndiyo ninayowaambia wale wenye siku nne au tano za kupumzika.

1. Tafuta jedwali la maji kabla ya kutafuta chumba

Aliyekulia pwani anaijua kanuni. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika kama hamsini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Katikati ni maji mafu. Norfolk ni vivyo hivyo, mwezi ni ule ule. Kinachotofautiana ni saa. Pale Wells, siku za bamvua maji hujaa asubuhi na tena jioni, na mchana huwa yamepwa. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa karibu na adhuhuri.

Sasa pigia hesabu likizo yako. Ukitaka watoto waoge mchana bila kuifuata bahari kwa miguu, chagua siku za maji mafu. Ukitaka kutembea kwenye ufuo mpana mpaka uchoke, nenda Holkham, ufuo wa magharibi ya Wells, mchana wa bamvua, bahari ikiwa imekwenda zaidi ya kilomita moja. Boti za kutazama sili, wale wanyama wa bahari baridi wenye mapezi badala ya miguu, huondoka maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakipwa kijito cha Morston zinakotokea hubaki tope tupu na boti zimelalia ubavu. Kuvua kaa gatini nako kunataka maji yaliyojaa. Ukifika bila kujua hayo, utashangaa kila siku kukuta ulichokijia kimekwisha saa mbili zilizopita.

Ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza hutoa bure mtandaoni majedwali ya siku saba, na maduka ya bandarini huuza vijitabu vya mwaka mzima. Angalia mambo mawili. Soma jedwali la mahali penyewe unapokwenda: maji ya Hunstanton na ya Cromer, miji miwili ya pwani hiyo hiyo, hayajai kwa wakati mmoja. Kisha angalia kama kijitabu kimechapwa kwa saa za majira ya baridi. Vingi viko hivyo, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba inabidi uongeze saa moja. Nimeona watu wazima wakikimbilia boti iliyokwisha kuondoka kwa sababu ya saa hiyo moja.

Na jedwali halijui upepo. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ya kaskazini iliisukuma bahari juu ya bamvua, kingo zikavunjika pwani nzima ya mashariki, wakafa watu 307 katika England peke yake. Ukiwa bandarini Wells, tafuta alama za mafuriko zilizowekwa ukutani. Simama chini yake ujipime.

2. Chagua mwezi

Julai na Agosti kuna joto na kuna watu. Shule hufungwa mwishoni mwa Julai na kufunguliwa Septemba mwanzoni, na katikati hapo bei za vyumba hupanda na maegesho hujaa kabla ya saa tano asubuhi. Kama huna mtoto wa shule, nenda Juni au nusu ya kwanza ya Septemba. Septemba maji huwa bado yana joto la kiangazi, ingawa neno "joto" lichukuliwe kwa tahadhari: Agosti yenyewe Bahari ya Kaskazini hufika nyuzi 16 hadi 18 hivi. Mtu wa Mombasa au Pemba akiingia mara ya kwanza hupiga ukelele usiokusudiwa.

Juni ina maajabu yake. Jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa tatu na dakika ishirini usiku. Ndiyo, saa tatu usiku, na kuna mwanga wa kusomea gazeti. Watoto hawalali. Anayeswali achukue ratiba ya sala ya eneo hilo, asitegemee mazoea, maana kati ya Isha na Alfajiri kuna usingizi mfupi mno.

Majira ya baridi nayo yana jambo moja linalostahili safari, nalo ni vitoto vya sili. Nitafika huko.

3. Kufika na kulala

Kutoka London kuna njia mbili. Treni ya kituo cha King's Cross hadi King's Lynn ni chini ya saa mbili. Hapo unapanda basi namba 36 linalopita Hunstanton na vijiji vya pwani hadi Wells. Au treni ya Liverpool Street hadi Norwich, kisha treni ndogo ya kwenda Cromer na Sheringham, kama saa moja hivi. Kati ya Cromer na Wells hupita basi la Coasthopper, na dirisha lake la juu ndilo tamasha la bei rahisi kuliko yote katika safari hii. Tangu Januari 2025 nauli ya basi kwa safari moja Uingereza imewekewa kikomo cha pauni 3. Hakikisha bado kipo utakapokwenda. Jumapili mabasi hupungua.

Mimi hulala Wells, kwa kuwa iko katikati. Nyumba za kukodi wakati wa likizo za shule mara nyingi hutolewa kwa wiki nzima, Ijumaa hadi Ijumaa au Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo mwenye siku nne atazame zaidi vyumba vya wageni na karavani. Uliza swali moja kabla ya kulipa: je, kuna mahali pa kuanikia nguo na viatu vilivyolowa? Utalikumbuka swali hili.

4. Mizigo

Koti la mvua, sweta hata kama ni Agosti, mabuti ya mpira, taulo mbili kwa kila kichwa. Kikinga upepo, yaani kile kitambaa chenye vijiti vya kuchomeka mchangani, utakinunua huko huko. Utacheka ukikiona, na baada ya nusu saa ya upepo utakwenda kununua. Mimi huongeza ndimu na chupa ya pilipili. Samaki wao mzuri, lakini amepikwa na watu wasio na haraka ya kuweka kitu juu yake.

5. Siku ya kwanza: Wells mpaka Holkham kwa miguu

Kutoka gatini Wells hadi ufuoni ni kama kilomita moja na nusu juu ya tuta lililojengwa kuzuia bahari. Kulia kwako mkondo na mashua, kushoto mashamba. Ufuoni kuna safu ya vibanda vya mbao vya rangi rangi, vimesimama juu ya miguu kama dungu la kulindia ndege shambani, na nyuma yake msitu wa misonobari. Misonobari hiyo ilipandwa karne ya 19 kuzuia mchanga usitembee. Mvua ikija, ingia humo. Chini ya miti ni pakavu na pana harufu ya utomvu.

Endelea magharibi, kama saa moja ya kutembea taratibu, utatokea Holkham. Hapa siwezi kukuandaa. Ufuo ni mpana kiasi kwamba mtu aliye mbele yako huwa nukta, na siku ya bamvua mchana unasikia bahari kabla ya kuiona. Jambo moja kwa wanaosafiri na wakwe: ukizidi kwenda magharibi, kuna sehemu iliyotengwa kwa wanaoota jua bila nguo yoyote. Kuna kibao kinachoeleza. Kisome mapema, usikisome ukiwa umekwisha kupita na mama mkwe.

Kuoga: kwenye fuo zenye walinzi wa uokoaji, oga kati ya bendera mbili zenye nyekundu juu na njano chini. Bendera nyekundu tupu ni marufuku kuingia. Mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa ukipandishwa, usiweke majini boya la kujaza upepo, kwa kuwa upepo unavuta kuelekea bahari kuu. Kamwe usiogee kwenye mdomo wa mkondo pale Wells, hata ukiwa unaogelea kama pomboo. Maji baridi hukukata pumzi ghafla. Likikufika hilo lala chali, zamisha masikio, tulia mpaka pumzi irudi, ndipo uogelee. Ukiona mtu mashakani piga 999 uombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

King'ora kikilia, inuka. Usimalizie ngome.

6. Asubuhi moja ya kuvua kaa gatini

Hii ndiyo kazi kubwa ya watoto, na mimi nadhani ndiyo kazi kubwa ya baba zao pia. Gati la Wells au la kijiji cha Blakeney, maji yamejaa au yanaelekea kujaa. Vifaa huuzwa dukani hapo hapo: mshipi uliozungushwa kwenye kijiti, chubwi, kimfuko cha wavu na ndoo. Usinunue wenye ndoano. Kaa hashikwi kwa ndoano. Hushikwa kwa ulafi wake.

Wenyeji hutia bekoni kwenye kimfuko. Sisi hutia vichwa vya samaki tulivyoomba kwa muuza samaki, na sijaona kaa aliyelalamika. Teremsha mpaka chubwi liguse tope, ulegeze kidogo, usubiri. Usivute kila dakika. Utahisi mguso mdogo, kama mtu anayekunja ncha ya shuka. Hapo ndipo wengi huharibu kwa kuvuta kwa nguvu. Pandisha polepole, mkono kwa mkono, usigonge ukuta wa gati. Kaa atakuja akining'inia kwa gando moja, mwingine ameng'ang'ania mguu wa mwenzake, mara nyingine watatu kwa pamoja. Atakapotoka majini atagundua hila na kuachia, kwa hiyo awepo mtu wa pili na wavu chini yake. Hapo ndipo kelele za gati zima hutoka.

Kaa hawa ni wadogo, wa kijani, si wa kuliwa. Ndoo iwe na maji ya bahari, si ya bomba, ikae kivulini, na wasizidi kumi. Wakijaa hupigana na kunyang'anyana hewa ya maji. Badilisha maji mara kwa mara. Kumshika, weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za gamba kwa nyuma, magando hayafiki huko. Mwisho wa mchezo warudishe karibu na maji, wasirushwe kutoka juu. Binti yangu huwaaga mmoja mmoja kwa majina, na ndiyo sababu hatujawahi kuwahi chakula cha mchana.

7. Morston: sili

Sili ana uso kama wa mbwa aliyesikia habari ya kushangaza. Rasi ya Blakeney ni ulimi wa kokoto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, uko mikononi mwa shirika la hifadhi la National Trust tangu 1912, na ndipo penye kundi kubwa kuliko yote England la sili wa kijivu. Huendi kwa miguu. Unapanda boti Morston, na boti hufuata maji, kwa hiyo siku moja safari ni saa tatu asubuhi na siku nyingine ni alasiri. Weka nafasi mapema na uvae kama unakwenda milimani.

Sili wa kawaida huzaa Juni hadi Agosti. Sili wa kijivu huzaa kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari, maelfu ya vitoto vyenye manyoya meupe, na mama huvinyonyesha wiki kama tatu kisha huenda zake. Ukimkuta mmoja peke yake ufuoni kwingine, usimsogelee wala usimsukume majini. Mama anaweza kuwa jirani, na meno ya sili si ya kuchezea.

8. Cromer

Cromer haina bandari. Boti za wavuvi huvutwa na matrekta mchangani, na hilo pekee linatosha kukufanya ukae kwenye ngazi ukitazama asubuhi nzima. Wanatega madema juu ya mwamba wa chokaa ulio chini ya bahari karibu na ufuo, na kaa wanaotoka huko ndio walioupa mji sifa. Agiza kaa aliyetayarishwa: nyama imetolewa yote, ikasafishwa, ikarudishwa ndani ya gamba, nyeupe upande mmoja na ya kahawia upande wa pili. Ya kahawia ndiyo yenye ladha. Kamulia ndimu yako hapo.

Gati la matembezi lilifunguliwa 1901, na mwisho wake kuna ukumbi wa maonyesho na kituo cha mashua ya uokoaji. Karibu na ufuo kuna makumbusho ya bure ya Henry Blogg, mvuvi wa kaa aliyehudumu mashuani miaka 53. Yeye na wenzake waliokoa watu 873, kwa mashua za makasia kwanza na baadaye za injini, akapata medali tatu za dhahabu. Hakujua kuogelea, wasema wengi pale. Iwe kweli au la, simama mbele ya zile mashua zao ufikirie usiku wa Januari.

Chipsi na samaki utakula tu, kwa hiyo mambo mawili. Uliza wanakaangia mafuta gani, kwani baadhi hutumia mafuta ya ng'ombe. Na shakwe wa Cromer ni jambazi: kula mgongo wako ukiwa ukutani, mkono mmoja juu ya chipsi. Kiangazi utaona pia samphire, kimmea cha kijani cha vinamasi vya chumvi. Huchemshwa dakika chache, hupakwa siagi, kisha unakivuta kwa meno na kuacha uzi wake. Kinunue, kung'oa mimea porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kisheria.

9. Ukiwa na gari: Happisburgh

Mashariki zaidi ya Cromer, mwamba wa udongo unamomonyoka na nyumba zinafuata. Mwaka 2013 bahari ilifunua nyayo za watu zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000, kongwe kuliko zote zilizopatikana nje ya Afrika wakati huo. Wataalamu wakazipiga picha na kuzipima, na katika wiki mbili mawimbi yakazifuta. Leo huoni chochote ila mchanga na mnara wa taa wenye mistari myekundu. Mimi nilikwenda kwa sababu ya Laetoli, kule Ngorongoro, ambako nyayo za miaka milioni 3.6 bado zipo. Mke wangu alibaki garini na chai. Kila mmoja aliona amefanya uamuzi sahihi.

10. Jioni ya mwisho: Hunstanton

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki bahari hutupa jua asubuhi. Jioni jua huzama nyuma ya minazi na mabati. Norfolk pia ni pwani ya mashariki, ila Hunstanton imejikunja ndani ya ghuba ya Wash ikatazama magharibi, na jua linazama majini. Shuka ufuoni maji yakiwa yamepwa, tembea chini ya mwamba wenye mistari, mweupe juu, mwekundu katikati, wa kahawia chini, lakini usikae chini yake hasa, mawe huanguka. Katika Wash bamvua hupanda zaidi ya mita 6, kwa hiyo angalia jedwali kwa mara ya mwisho.

Mabasi ya jioni ni machache, na Juni la mwisho huondoka jua likiwa bado juu. Chukua chumba Hunstanton usiku huo, asubuhi upande namba 36 kwenda kwenye treni.